Mjamzito wa Taifa

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani, na wenye nchi wameniomba niiache hukohuko iliko. Ni nchi ya watu wema. Ina bendera, ina wimbo, na ina viongozi wanaopenda kupigwa picha wakimwagilia mti ambao hawatauona tena. Ilikuwa pia na tatizo: watoto wake wengi walizaliwa wembamba, na wageni wenye mizani walilisema jambo hilo kila mwaka bila haya.

Serikali ikakaa, ikatafakari, ikagundua kwamba tatizo halikuwa zahanati wala dawa wala wakunga. Tatizo lilikuwa picha. Wajawazito wa nchi nyingine walionekana mitandaoni wakila vyakula vya rangi nzuri kwenye sahani nyeupe, ilhali wa nchi ile hawakuonekana kabisa. Basi Wizara ya Afya ikaunganishwa na Wizara ya Habari, kwa hoja kwamba zote mbili zinashughulikia kinachoingia ndani ya mwananchi, na akateuliwa waziri mmoja kuziongoza, Mheshimiwa Bambika, mtu mwenye tai ndefu na sentensi ndefu zaidi.

Siwema hakuwa na habari na wizara yoyote. Alikuwa fundi cherehani katika mji mdogo uitwao Majengo Mapya, ambao majengo yake yote ni ya zamani. Mumewe, Nuhu, alikuwa karani wa ofisi ya maji, mwanamume mpole anayepiga pasi hata soksi. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka Siwema kabla hazijaonekana. Hii ya tatu ilipopita pale zile zilipokomea, furaha yake ilikuja pamoja na hofu, na hofu ndiyo iliyokaa. Kila alipopumzika kushona alishika simu kutafuta mtu wa kumwambia afanye nini. Ndipo alipomkuta Mama Majani.

Mama Majani alikuwa na wafuasi wengi kuliko wapiga kura wa mkoa mzima. Kila asubuhi aliketi mbele ya kamera na kilemba chake cha kijani, akauliza kwa sauti laini: "Mama, leo umemlisha nini mgeni wetu?"

Swali hilo halikumpa Siwema raha tena. Akaacha soda, akaacha chai. Akaacha mafuta, kisha chumvi. Akaacha wali, maana Mama Majani alisema weupe wake unatia shaka. Akaacha samaki kwa sababu ya uchafu wa bahari, na maziwa kwa sababu ya tabia za ng'ombe. Kilichobaki mezani ni mchicha mbichi, parachichi, zile mbegu ndogo za chia zinazovimba zikilowekwa, na maji ya uvuguvugu yenye kipande cha limau.

"Hata ndizi?" Nuhu aliuliza siku moja.

"Ndizi ina sukari."

"Si sukari ya Mungu hiyo?"

"Ni sukari," akasema Siwema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Siku moja alijipiga picha akiwa na bakuli lake la majani, akaiposti kwa maneno matatu tu: Kwa ajili yako. Wakati huo alikuwa bado na mashavu yake, mashavu ya duara yaliyong'aa kama yamepakwa samli. Picha ikasambaa. Ikafika mahali ambapo Mheshimiwa Bambika alikuwa kwenye kikao muhimu na simu yake, naye akaiangalia kwa muda mrefu, kisha akawaambia wasaidizi wake kwamba ametafuta mashavu ya namna ile tangu ateuliwe.

Magari yakaja Majengo Mapya yamewasha taa mchana. Majirani walidhani kuna mtu anakamatwa, wakafunga milango kwa adabu. Waziri akaingia, akakaa kwenye kiti cha cherehani, akatazama tumbo la Siwema namna watu wanavyotazama kiwanja.

"Mama Siwema," akasema, "kuanzia leo tumbo hili si lako peke yako. Ni mradi. Mradi una wadau, na wadau wana haki ya kushirikishwa hatua kwa hatua, kwa uwazi, kwa ubunifu na kwa mubashara. Wewe ndiwe Mjamzito wa Taifa."

"Mheshimiwa, mimi naomba tu mtoto wangu azaliwe salama."

"Hilo nalo tutaliingiza," akasema waziri.

Alimgeukia Nuhu akamuuliza anafanya kazi gani. Kabla Nuhu hajamaliza kujibu, alikuwa ameshateuliwa kuwa Msemaji wa Tumbo, akapimwa suti, akakabidhiwa kipaza sauti.

Sasa hapa pana jambo la kueleza, maana wageni huwa hawaliamini. Katika nchi ile ilipitishwa sheria kwamba Mjamzito wa Taifa asile mpaka wananchi waridhie. Sahani inapangwa, inapigwa picha, inapostiwa. Zikifika laiki elfu kumi, anakula. Zisipofika, sahani inarudishwa jikoni kwa marekebisho. Waziri aliita utaratibu huu ulaji shirikishi, na alipoulizwa kama mama hataona njaa, alijibu kwamba njaa ya kidemokrasia haiumi.

Mwanzoni Siwema aliona fahari. Hakuwa tena peke yake na hofu yake. Taifa zima lilikuwa linaogopa pamoja naye. Alisoma komenti moja moja. Kuna aliyeandika kwamba parachichi limekatwa bila upendo. Kuna aliyedai kwamba mchicha unaoelekea upande wa kaskazini humfanya mtoto kuwa mbishi. Mzee mmoja wa mbali, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe hakuwahi kuingia jikoni, alipinga kila sahani kwa kanuni tu. Staftahi ikaanza kuridhiwa saa sita mchana. Chakula cha mchana kikawa kinaridhiwa jioni, kimeshanyauka. Siku ambayo mtandao ulikatika, Siwema alikaa mbele ya bakuli hadi jua likazama, na bakuli likaondolewa kwa sababu muda wa kupiga kura ulikuwa umekwisha.

"Nuhu," akasema, "nasikia kizunguzungu."

Nuhu akakohoa. Alikuwa ameshaizoea kazi yake kiasi kwamba hata nyumbani maneno yalimtoka yamepangwa mistari. "Familia inapenda kuufahamisha umma kwamba hali ya mama ni ya kuridhisha."

"Mimi si umma. Mimi ni mkeo."

Nuhu akafungua kinywa, akatafuta taarifa inayofaa, akaikosa. Akachukua pasi akaenda kupiga soksi.

Kliniki ya Taifa ilikuwa chini ya Dokta Ngwali, mtu mwembamba mwenye macho ya huruma na watoto wengi wa kusomesha. Alimpima Siwema mbele ya kamera, akamshika tumbo hapa na pale, akapima urefu wake kwa utepe, akapima tena. Kisha akatangaza kwamba mtoto ana umbo la kisasa. Makofi yakapigwa. Wapiga picha walipotoka nje, dokta akafungua bomba la sinki mpaka mwisho, maji yakaunguruma, naye akamwinamia Siwema sikioni.

"Mama, kula," akanong'ona. "Mtoto ni mdogo kuliko umri wake. Kula maharage, kula mayai, kula samaki. Kula."

"Kwa nini hukusema pale mbele yao?"

Dokta akatazama mlango. "Pale nilikuwa natangaza," akasema. Akafunga bomba.

Siwema alirudi nyumbani na maneno hayo, lakini hayakupata pa kukaa. Dokta alikuwa mmoja, ananong'ona. Mama Majani alisikika kila asubuhi, na watu maelfu kwa maelfu waliitikia. Aliona yai jikoni akalishika, likiwa bado na joto la kuku, akalirudisha. Ikiwa zile mbili zilitoka kwa sababu ya kitu alichokula? Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, wala hakuna aliyewahi kumwambia sivyo.

Wakati huo mashavu yakaanza kuondoka. Lilianza la kushoto, la kulia likafuata. Wizara ikashtuka, ikaunda kamati, na kamati ikaja na suluhisho ambalo mpaka leo linafundishwa katika chuo cha utumishi wa nchi ile: tumbo liendelee kuwa la Siwema, ila mashavu yatafutwe kwingine. Akapatikana Kibibi, muuza bajia wa stendi, mwanamke mnene mwenye uso wa mwezi mpevu, akaapishwa kuwa Naibu Mashavu. Kila sahani ilipopostiwa, tumbo lilikuwa la mmoja na uso ukawa wa mwingine, na nchi nzima ikapumua kuona jinsi mchicha mbichi unavyonenepesha.

Mama Majani mwenyewe alikuja kusimamia picha hizo. Alimzunguka Kibibi akimsifu. "Tazameni ngozi. Hii ni kazi ya klorofili."

"Hii ni kazi ya bajia," akasema Kibibi.

Akaombwa asizungumze, kwa kuwa aliteuliwa shavu, si mdomo.

Mchana mmoja walibaki wawili chumbani wakisubiri mwanga wa jua ukae sawa. Kibibi akachomoa kifurushi cha gazeti kilicholowa mafuta, akakifungua. Harufu ya kunde na kitunguu na pilipili ikajaa chumba.

"Shoga, chukua. Hakuna anayeona."

Siwema alitazama zile bajia mpaka macho yakamlenga machozi. Mlango ulikuwa umefungwa. Kamera ilikuwa imezimwa. Hapakuwa na askari wala waziri wala sheria. Mkono ukanyanyuka, ukafika nusu ya njia, ukarudi kwenye tumbo.

"Siwezi. Mtoto akidhurika, nitamwambia nini?"

Kibibi alikunja kifurushi polepole, na kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe, mashavu yake yalionekana mazito kumbeba.

Sikukuu ya Sahani ikakaribia. Ilipangwa kufanyika uwanja mkuu, mbele ya Mtukufu Rais, na siku hiyo Siwema angekula bakuli kubwa kuliko yote, taifa zima likishuhudia. Asubuhi ya siku yenyewe alipelekwa uwanjani mapema. Hakuwa sawa. Tangu alipoamka mtoto hakuwa amecheza. Alijigusa upande mmoja, akajigusa upande wa pili, akanywa maji, akalala ubavu kwenye kiti cha gari. Kimya. Akateremka kumtafuta Mama Majani, maana katika shida zote za mwili huo alikuwa amezoea kumuuliza yeye.

Alimkuta maegeshoni, ndani ya gari lake la kijani, vioo vimepandishwa. Siwema akagonga. Kioo kikashuka kidogo, harufu ya chipsi mayai ikatangulia kutoka. Mama Majani alikuwa na foili mapajani, kijiti cha meno mkononi na soda kati ya magoti.

Wakatazamana.

"Huu ni utafiti," akasema Mama Majani. "Naionja hatari ili wengine wasiionje."

"Mama Majani, mtoto hachezi."

Uso wa yule mwanamke ukabadilika. Kwa muda alionekana kuwa mtu tu, mama wa watu, mwenye mafuta kidevuni. "Tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Wewe wako ulipowabeba, ulifanyaje wakinyamaza?"

"Nilikula," akasema Mama Majani kabla hajajizuia. "Wote wanne. Nikila kitu cha moto na nikilala ubavu, wanaamka."

"Mchicha mbichi?"

Mama Majani akatazama foili yake. "Mchicha nilianza baadaye, mdogo wangu. Nilipopata simu yenye kamera nzuri."

Siwema alisimama pale. Alidhani atakasirika, na hasira ilikuja kweli, lakini kilichotangulia kilikuwa kitu kingine. Ile hofu aliyoibeba miezi yote, ambayo aliidhania ni sehemu ya mimba, ikawa imemtoka mikononi. Akageuka akaenda.

Uwanja ulikuwa umefurika. Watumishi wote waliamriwa kuhudhuria, wanafunzi wote waliamriwa kushangilia. Siwema akaketishwa katikati ya majani ya uwanja, mezani peke yake, mbele ya bakuli ambalo mtoto mdogo angeweza kuogeshwa ndani yake. Nuhu alisimama pembeni na kipaza sauti. Picha ikapostiwa, na skrini kubwa ikaonyesha laiki: kumi na mbili.

Wakasubiri. Kumi na mbili.

Ilikuja kueleweka kwamba wananchi wote wenye simu walikuwa wamekusanywa mahali pamoja kwa amri, na mtandao wa mahali hapo ulikuwa umezidiwa ukazimia. Watu wakainua simu juu, wakazipunga, wakazima wakawasha. Waziri akaagiza muziki upigwe. Jua likapanda.

Upepo ukavuma kutoka jukwaa kuu. Huko, chini ya turubai lenye mapazia, waheshimiwa walikuwa wakipata chakula, kwa kuwa wao hawakuwa na mimba. Siwema akainua uso. Ilikuwa pilau. Ilikuwa na bizari nzima na mdalasini, na nyama iliyopikwa mpaka ikakubali.

Akasimama. Akaanza kutembea.

Walinzi wakatazamana, maana walikuwa wamefunzwa kuzuia wapinzani, waandishi na walevi, lakini Mjamzito wa Taifa alikuwa mali ya serikali, na hakuna aliyejua kama mali ya serikali inaruhusiwa kuguswa. Wakampisha. Akapanda ngazi moja moja, mkono kiunoni, hadi mbele ya Mtukufu Rais, ambaye kijiko chake kilikuwa njiani kuelekea kinywani.

"Shikamoo, Mtukufu."

Mtukufu hakuwa ameamkiwa na mwananchi bila ratiba kwa miaka mingi. "Marahaba," akasema, na kwa mazoea ya zamani, ya kabla hajawa Mtukufu, akaongeza: "Karibu chakula."

"Ahsante, nimekaribia," akasema Siwema. Akavuta kiti, akavuta sahani, akala.

Alikula kwa mkono, tonge baada ya tonge, bila haraka na bila kumtazama mtu. Waziri Bambika alimwonyesha Nuhu kwa vidole kwamba atoe taarifa. Nuhu akanyanyua kipaza sauti.

"Familia inapenda kuufahamisha umma," akaanza, na sauti yake ikazunguka uwanja wote. Alikuwa anamtazama mkewe, mifupa ya mabega ilivyosimama chini ya gauni alilojishonea, ambalo mwanzoni lilimbana. "Mke wangu ana njaa," akasema. "Alikuwa na njaa muda wote huu. Aliniambia, na mimi nikamsomea taarifa." Akaweka kipaza sauti chini kwenye majani, akavua koti la serikali, akakimbia kumpelekea maji ya kunywa.

Alipofika, Siwema alikuwa ameacha kutafuna. Alimshika mkono akauweka ubavuni. Walikaa hivyo wote wawili mpaka likaja: teke moja zito, la mtu aliyeamshwa na ana malalamiko. Nuhu akalia mbele ya baraza zima la mawaziri, na Mtukufu akampa kitambaa chake cha mezani.

Mheshimiwa Bambika hakuwa waziri kwa bahati. Kabla sahani haijaisha alikuwa ameshaokota kile kipaza sauti. Akawatangazia wananchi kwamba walichokiona ni uzinduzi rasmi wa Awamu ya Pili, iliyokuwa siri ya kimkakati, na kwamba pilau ilikuwa sera ya serikali tangu mwanzo. Mchicha mbichi ulikuwa maandalizi ya kisaikolojia. Uwanja ukashangilia, kwa sababu wanafunzi walikuwa hawajapewa amri ya kuacha.

Wiki iliyofuata ikatoka amri kwamba kila mjamzito nchini ale pilau. Waliochefuliwa na bizari wakapelekwa kwenye ushauri nasaha. Mama Majani akabadilisha kilemba, akavaa cha hudhurungi, akawa Mama Pilau, na kila asubuhi akauliza kwa sauti ileile kama mgeni wetu ameshapata mnofu. Wanawake wachache waliokuwa wanapenda mchicha kwa dhati ya moyo wakawa wanaula nyuma ya choo, mmoja akiangalia njia.

Kibibi akarudi stendi. Cheo cha Naibu Mashavu hakikufutwa, ila hakikutajwa tena. Nuhu naye aliandika kujiuzulu usemaji. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kujiuzulu katika nchi ile, wizara haikujua la kufanya, ikatangaza kwamba Msemaji yuko safarini. Safari yenyewe ilikuwa ya kutoka sebuleni kwenda jikoni. Alijifunza kupika maharage ya nazi, akaunguza, akajifunza tena. Siwema alikula maharage, akala dagaa, akala ndizi nyingi mno, na mchicha pia, ila uliopikwa. Hakupiga picha. Hofu ilimrudia mara kwa mara, hasa asubuhi, lakini sasa ilimkuta ameshakula.

Alipokwenda kupimwa, Dokta Ngwali alifungua bomba kwa mazoea tu. Akavuta utepe, akatazama, akautazama tena. Kisha akalifunga bomba mwenyewe, akasema kwa sauti ambayo hata mapokezi waliisikia: "Anakua."

Mtoto akazaliwa siku ya soko, wa kike, mzito, na kilio cha kusimamisha magari. Siwema alikuwa hajafutwa hata jasho pale msafara ulipofika: Mheshimiwa Bambika, Mama Pilau, wapiga picha na kamati nzima, wamekuja kurusha mubashara Mlo wa Kwanza wa Kizazi Kipya. Nuhu akasimama mlangoni kwa mikono miwili.

"Waheshimiwa, mtatusamehe," akasema. "Mama na mwanawe wako chakulani."

Hakuwa amewahi kumzuia mkubwa yeyote maishani mwake, lakini mlango aliufunga. Waziri akaona heri aitumie nafasi hiyo. Kamati ikakaa kwenye benchi za korido kujadili mtoto aanze ziwa gani. Waliotaka la kulia walikuwa na sababu za kimila. Waliotaka la kushoto walisema liko karibu na moyo, ila mjumbe mmoja akaonya kwamba neno kushoto linaweza kueleweka vibaya na wafadhili. Ikapendekezwa yatumike yote mawili kwa zamu, ikapingwa kwamba huo ni ugatuzi wa mapema. Mama Pilau akaomba swali lipelekwe kwa wananchi. Likapelekwa. Mtandao ukasumbua, ukarudi, laiki zikahesabiwa, zikahesabiwa tena kwa kuwa matokeo hayakumpendeza waziri. Jioni ilipoingia hatimaye walikubaliana, wakasimama, wakanyoosha tai, wakagonga mlango kwa heshima zote.

Ndani, mtoto alikuwa ameshashiba zamani, amelala.